Tua Vizuri, Linda Goti

Leo tunazungumzia goti la mchezaji. Ukiruka kupiga mpira kichwa, kisha ukatua magoti yameingia ndani, kano za goti hulemewa na huweza kukatika. Tua kwa miguu miwili, kunja magoti kidogo, yaelekee kule vidole vinakoelekea, kifua kisiporomoke. Ukikimbia kuteremka vilima vya Taita, usijirudishe nyuma; piga hatua fupi. Mazoezi ya kupasha mwili joto ya FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, hufundisha mikao hii ya kutua. Makocha, yafanyeni kabla ya mazoezi, angalau mara mbili kwa wiki. Goti likivimba, mchezaji asilazimishwe kucheza. Apelekwe hospitali mapema. Vijana wetu tunawahitaji wazima.