Si mbuzi ya jirani

(Mazungumzo kwa wanachama, Baraka, teritware ya Fizi)



Tulikuja kuzungumza juu ya mbegu, lakini tutaanza na kesi. Mwezi uliopita tuliitwa kwenye bustani ya mama mmoja aliyerudi toka kambi ya Nyarugusu. Mistari miwili ya maharagi ilikuwa imekatwa yote, na yeye alikuwa amekwisha kumushitaki jirani kwa chifu. Alisema ni mbuzi za yule, juu hakukimbia vita, anajiona ndiye mwenye udongo. Jirani naye akajibu maneno ambayo hatutayarudilia hapa.

Tuliinama, tukaangalia. Mbuzi hurarua na kukanyaga tuta. Hapa mashina yalikatwa safi, mshazari, kama kwa kisu. Mavi yake ni vidonge vya mviringo, rangi ya majani makavu. Ukivunja kimoja, ndani ni nyasi tupu. Ya mbuzi ni meusi, marefu kidogo, yanang'aa. Jioni tukakaa kimya nyuma ya jiko. Giza likiingia, akatoka sungura wa porini, masikio juu, toka kiwanja cha pembeni ambacho mwenyewe hajarudi.

Tangu 2005, meli zilipoanza kurudisha watu toka Kigoma, tunafungua viwanja vilivyogeuka pori. Sungura yeye alikuwa humo miaka yote. Hakuambiwa kama kuna mwenyewe.

Basi tufanye nini? Sumu, hapana. Kuna mutu alitia sumu ya panya kando ya lengalenga. Kuku wake saba walikufa, na sungura akaendelea kula. Mutego wa waya nao hauchagui mguu wa mtoto wala wa mbuzi. Na sungura mukimukuta amekufa bila kujua sababu, musimule, hata kama njaa iko.

Zungushieni matete, lakini kwenye miche michanga tu, maana ndiyo anayopenda. Yafike kwenye nyonga, yabanane chini hata ngumi ya mtoto isipite. Sungura wetu huyu hachimbi shimo kama wale wa kufugwa, kwa hiyo hamuna haja ya kuzika matete kwa kina. Waya wa wavu ambao wafadhili walituuliza, tunashukuru, lakini matete yako mtoni bure. Afadhali pesa ile inunue majembe.

Tena, watoto wakikuta vitoto vya sungura katika majani, macho wazi na manyoya tayari, si yatima. Mama yao huviacha muchana kutwa, anakuja kunyonyesha mara moja tu, jioni. Waviache palepale. Vya kwenye kikapu tumeviona: vilikufa, na watoto walilia siku mbili.

Kesi bado iko kwa chifu. Mama amekwisha lipa pesa ya kuifungua, na anaona haya kuiondoa. Jumamosi tunamusindikiza. Jirani amesema atakuwepo.