Kompyuta Haijui Unene wa Ngozi

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa masomo ya ufundi na watumishi wa umma wanaoshughulikia viwanda vidogo.



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kusanifu kiolezo cha pochi ya ngozi kwa kutumia programu ya kuchorea ya kompyuta. Nilipopewa mada hii nilijua kwamba wapo watakaotabasamu. Watu wazima, tena wenye dhamana, wakae kujadili pochi! Lakini naomba kila mmoja wenu aitoe pochi yake mfukoni aitazame. Wengi wetu tutakuta kitu kinachoitwa ngozi, kumbe ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, nayo imekwisha anza kumenyeka penye mkunjo. Kitu hicho kimevuka bahari kuja katika nchi ambayo ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi kabisa. Miwati ya Njombe hutoa magome yenye dawa ya kutengenezea ngozi. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi. Mnyama tunaye, dawa tunayo, na mahali pa kujifunzia papo. Kinachotupungukia mara nyingi ni kipimo.

Fundi viatu wa mtaani anacho kiolezo chake. Ni kipande cha boksi alichokikata miaka mingi iliyopita, kingo zimelika kwa kisu, na kila mwaka pochi zake zinapungua au kuongezeka upana pasipo yeye kujua. Siku kipande kile kikilowa mvua, kazi ya miaka imekwenda. Akija mteja mwenye kutaka pochi mia moja za aina moja, fundi huyu hushindwa, wala si kwa sababu mkono wake ni mbovu. Hana mchoro ambao fundi mwingine anaweza kuushika akatoa pochi ileile. Hapo ndipo kompyuta inapokuwa na kazi.

Uchoraji wa namna hii si jambo la jana. Mwaka 1963 Mmarekani Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi katika chuo cha MIT, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora mstari kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga na kuiamuru mistari miwili ibaki sambamba hata mchoro ukibadilishwa. Siku zile mashine ya kufanya hivyo ilikuwa ya taasisi kubwa tu. Leo programu kama FreeCAD, LibreCAD na Inkscape hupatikana bila malipo, na kompyuta ya kawaida ya ofisi inazimudu. Kwa hiyo udhuru wa kwamba programu ni ghali umekwisha. Udhuru uliobaki ni kwamba hatujui tuchore nini, na huo una uzito zaidi.

Tuanze na kadi, maana pochi ya siku hizi hujengwa kuizunguka kadi. Kadi ya benki, popote duniani, ina upana wa milimita 85.6, kimo cha milimita 53.98 na unene wa milimita 0.76. Vipimo hivyo vimewekwa na kanuni ya kimataifa. Noti hazina kanuni moja. Dola ya Marekani ina urefu wa milimita 156 na kimo cha milimita 66. Noti zetu zipimwe na mwanafunzi mwenyewe kwa rula, tena aanze na ile kubwa kuliko zote. Mwalimu asimpe jibu.

Sasa tuchore. Kila upande wa pochi tuupe upana wa milimita 96. Mshono ukae milimita 3 kutoka ukingoni, kulia na kushoto, na ndani ya mshono patabaki milimita 90. Kadi itapata nafasi ya ziada ya milimita 4 na kidogo. Kati ya pande mbili tuache milimita 10 za mkunjo. Jumla ya kipande cha ndani ni milimita 202, na noti ya dola italala humo pasipo shida. Mpaka hapa kila kitu ni hesabu ya darasa la tano, na mchoro unapendeza kweli kwenye kioo.

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua kipande cha nje wakakipa milimita 202 zilezile, kwa kuwa kwenye kioo vipande viwili vilivyolaliana huonekana sawasawa. Wakikata, wakishona na kukunja, ngozi ya ndani hufanya matuta kwenye mkunjo na pochi hukataa kufunga. Kompyuta imechora karatasi isiyo na unene, na fundi ameshika ngozi yenye unene. Tuseme ngozi ya nje ina milimita 1.2 na ya ndani milimita 0.8. Toka katikati ya unene wa moja hadi katikati ya unene wa nyingine ni milimita 1. Pochi ikifungwa, mkunjo wake ni nusu duara, na ngozi ya nje inapita njia ndefu zaidi kwa milimita hiyo 1 mara 3.14. Basi kipande cha nje kiwe na milimita 205. Milimita tatu! Kwa milimita tatu hizo mteja atairudisha pochi au atamleta jirani yake anunue.

Fundi mzee hajui habari za 3.14. Yeye hukunja kwanza, akapaka gundi pochi ikiwa imekunjwa, kisha akakata kinachozidi. Amefika palepale kwa njia ya mkono. Ukimwuliza kwa nini anafanya hivyo atakujibu kwamba ngozi ya nje ina safari ndefu, na maelezo ya mwalimu wa hisabati hayazidi hayo kwa ukweli.

Unene ndio unaoamua pia mifuko ya kadi. Tukiweka mifuko mitatu ya mstatili, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukiwa na milimita 0.8, kisha ngozi ya mgongo wa mifuko milimita 0.8 na ya nje 1.2, ukingo wa chini unafikia milimita 4.4. Hiyo ni soli ya kiatu. Dawa yake ni kuichora mifuko ya juu kwa umbo la herufi T: mabega mafupi yafike ukingoni na kushonwa, na mwili mwembamba ushuke katikati. Ule wa chini peke yake ubaki mstatili kamili. Kwa mpango huo ukingo una mfuko mmoja tu kila mahali, na unene unashuka hadi milimita 2.8. Umbo hili kulichora kwa mkono mara tatu bila kukosea ni adha, lakini kwa programu linachorwa mara moja na kunakiliwa.

Na programu inayokubali vipimo vyenye majina, kama FreeCAD, inafanya jambo lililo bora zaidi. Unaandika kwenye jedwali kwamba unene wa nje ni 1.2, na mistari yote inayotegemea unene huo inaufuata. Kesho ukiletewa ngozi ya mbuzi yenye milimita 0.9, unabadili tarakimu moja. Boksi la fundi haliwezi kufanya hivyo.

Matundu ya sindano nayo yachorwe. Yakiachana kwa milimita 4, mshono wa milimita 88 una nafasi 22 na matundu 23. Idadi hiyo iwe sawa nje na ndani, ingawa kipande cha nje ni kirefu zaidi. Kwa hiyo tuhesabu kutoka kingo kuelekea mkunjo, na mkunjo wenyewe tuuache bila tundu.

Niwaambieni kosa langu mwenyewe. Pochi yangu ya kwanza niliichora vizuri, nikaichapa, nikabandika karatasi juu ya ngozi nzuri niliyoinunua kwa fedha yangu, nikakata. Kadi iliingia kwa kusukumwa, ikakataa kutoka. Nikaulaumu mchoro kwa siku mbili. Kumbe mashine ya kuchapia ilikuwa imejiamulia kuupunguza mchoro uenee kwenye ukurasa, ukawa asilimia 97 ya ukubwa wake: zile milimita 90 zikageuka 87.3, na unene wa kadi na wa ngozi ukameza kilichobaki. Tangu siku ile kila mchoro wangu una mraba wa milimita 100 pembeni. Karatasi ikitoka, kabla ya kingine chochote, naupima mraba kwa rula ya chuma. Vilevile mkipeana michoro tazameni kipimo kilichotumika, kwa kuwa mchoro wa milimita ukisomwa kama wa inchi hukua mara 25.4, na wa inchi ukisomwa kama wa milimita hurudi ukubwa wa njugu.

Mashine pia hupenda kuvipanga vipande kana kwamba ngozi ni shuka la mstatili. Ngozi ya ng'ombe ina mgongo mgumu na tumbo linalovutika. Ina makovu ya miiba na ya kupe, na mara nyingi ina alama ya chuma cha moto mahali palepale ambapo ni pazuri kuliko pote. Kipande cha nje kitoke mgongoni. Mifuko ikitoka tumboni italegea, na baada ya miezi michache kadi zitaanguka zenyewe. Uamuzi huo hauko kwenye kioo. Uko kwenye vidole vya mtu aliyeivuta ngozi huku na huku kabla ya kushika kisu.

Neno moja kwa wenzetu wenye mashine za kukatia kwa leza. Plastiki ya vinili inayouzwa kwa jina la ngozi msiikate kwa leza kabisa. Moshi wake una asidi yenye kudhuru mapafu na kuozesha mashine. Hata ngozi iliyotengenezwa kwa kromi si ya kuchezea katika chumba kisicho na hewa.

Sasa nasema na ninyi wenye dhamana. Nimeona mahali ambapo chumba cha kompyuta kina kufuli lake, karakana ina kufuli lake, na walimu wa pande hizo mbili hukutana kwenye chai tu. Mwanafunzi hujifunza kuchora mstari kwa mmoja na kushika kisu kwa mwingine, na hakuna anayemwambia kwamba ile 1.2 ya kwenye jedwali ni kitu cha kupimwa kwa kalipa kwenye ngozi iliyo mezani. Na fundi viatu, mwenye kuijua ngozi kuliko wote, yuko nje ya lango na maharazi yake. Aitwe, na alipwe kwa saa zake kama mgeni yeyote anayekuja kufundisha. Mwanafunzi akae naye, achore analolisema fundi, akate, ashone, arudi kurekebisha mchoro. Kwa boksi la kawaida kwanza, maana halina gharama; ngozi baadaye.

Nimekuja na pochi mbili. Hii ya kahawia ina milimita 202 nje na ndani, na hii nyeusi ina 205 nje. Zinazunguka kuanzia kwenu mliokaa mbele. Naomba mzikunje, mpitishe kidole ndani ya mkunjo, kisha tuanze maswali.