Sindano ya Sukari na Hofu ya Saratani
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kipkelion

 

Swali la leo ni fupi: je, sindano ya sukari huleta kansa? Kwa mtu mwenye afya njema, hilo ni swali la udadisi tu. Kwa mama anayejidunga kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani chai, ni swali la kama kesho atajidunga tena au ataiacha dawa ndani ya chungu cha ubaridi.

Jambo la kwanza ni kutenganisha sindano mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni insulini, ambayo imekuwa ikiokoa maisha tangu 1922. Nyingine ni kundi jipya la dawa zinazoiga homoni ya utumbo: hushusha sukari, hupunguza njaa na hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu zaidi. Kundi hilo ndilo lenye Ozempic, inayotolewa kwa kisukari, na Wegovy, ambayo ni dawa ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi, inayotolewa kwa unene. Mounjaro ni ya ukoo huo huo.

Insulini imewahi kushtakiwa kwa kosa hili. Mwaka 2009 tafiti kadhaa za Ulaya zilizua hofu kwamba aina moja ya insulini, glargini, huenda ikaleta saratani. Wagonjwa wengi wakaingiwa na wasiwasi. Kisha zikaja habari za utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 12,000 kwa miaka 6 hivi. Matokeo yalitolewa 2012, na waliodungwa insulini hiyo hawakupata saratani kuliko wenzao wasiodungwa. Habari hiyo ya pili haikusambaa kama ile ya kwanza, na ndivyo ilivyo kawaida ya habari za kutuliza.

Hofu ya dawa mpya ilianzia kwa panya. Zilipojaribiwa maabara, baadhi ya panya walipata uvimbe kwenye tezi ya shingo, katika seli chache maalumu za tezi hiyo. Kwa sababu hiyo Marekani ilitaka onyo liandikwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelezo ya dawa. Lakini seli hizo za panya hupokea homoni hii kwa wingi, na za binadamu huipokea kidogo sana. Kilichompata panya si lazima kimpate mtu.

Hata hivyo onyo lile lina sehemu isiyo na mjadala. Kuna saratani adimu ya tezi ya shingo iitwayo saratani ya medula, ambayo wakati mwingine hurithiwa katika ukoo. Aliyewahi kuiugua, au ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake aliiugua, hapaswi kupewa dawa za kundi hili. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao MEN 2. Nyanya aliyekuwa na rovu kwa kukosa chumvi ya iodini ni habari nyingine kabisa. Rovu hilo si saratani hiyo. Lakini usijiamulie mwenyewe. Mwambie daktari kila kitu unachokijua kuhusu shingo za watu wa kwenu.

Kwa binadamu, je? Mwaka 2023 utafiti wa Ufaransa ulionyesha kwamba watu waliotumia dawa hizi mwaka 1 hadi 3 walipata saratani ya tezi zaidi ya wengine. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliupitia ushahidi wote, na Oktoba mwaka huo ikasema hautoshi kuonyesha kwamba dawa ndiyo chanzo. Mwaka 2024 ukaja utafiti wa Denmark, Norway na Sweden, wenye watumiaji wapatao 145,000. Haukuona ongezeko kubwa. Kuhusu kongosho, mamlaka za Marekani na Ulaya zilichunguza hofu kama hiyo na 2014 zikasema kiungo cha sababu hakijaonekana.

Lakini wale wa nchi tatu walifuatiliwa kwa wastani wa miaka karibu 4 tu, na saratani huweza kuchukua miaka mingi kukua. Kwa hiyo uchunguzi unaendelea, na anayekuambia kwamba dawa hizi hazina hatari yoyote anakudanganya sawa na anayekuambia zinaua. Madhara yanayojulikana vizuri ni kichefuchefu, kutapika na kuhara; mara chache huja mawe ya nyongo au kuvimba kwa kongosho. Mama anayepanga kupata mimba anapaswa kuacha Ozempic miezi 2 kabla, kwa mpango na daktari wake.

Upande wa pili wa mizani una uzito pia. Unene wenyewe umehusishwa na aina 13 za saratani, zikiwemo za matiti baada ya kukoma hedhi, mji wa mimba, utumbo mpana na ini. Kisukari nacho huongeza hatari ya baadhi yake. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene.

Sasa fikiria anayeacha sindano kwa hofu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini anaweza kufa kwa siku chache. Wa aina ya pili huumia polepole: macho, figo, miguu. Hatari hiyo haingoji utafiti mwingine.

Kuna na hatari ya sindano inayonunuliwa kwenye WhatsApp au kwa mtu aliyekuja na begi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama nchi hizo zilipenywa, soko letu halina kinga ya pekee. Dawa hizi hutolewa kwa agizo la daktari, katika duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu iliyotundikwa ukutani. Kuomba kuiona leseni si utovu wa heshima.

Anayetumia sindano hizi akiona uvimbe shingoni, sauti imekwaruza bila kupona, au anapumua au kumeza kwa shida, aende hospitali. Shida ya kumeza, kwa kweli, isipuuzwe na mtu yeyote huku kwetu, awe na kisukari au la: saratani ya koo la chakula imewasumbua watu wa Bomet na Kericho kwa muda mrefu, na hospitali ya Tenwek imeitibu na kuichunguza kwa miaka mingi. Chai ya moto sana, ya zaidi ya nyuzi 65, imetajwa kuwa huenda ni mojawapo ya visababishi. Iache ipoe kidogo.

Ukienda kliniki, beba dawa zako zote, hata zile za mitishamba, na kadi yako. Kama swali lako ni kansa, liulize kwanza, kabla ya kupimwa presha, usije ukalisahau. Na dozi ya leo asubuhi, idunge.