Taa za Diwali na Kiti cha Aliyefukuzwa

Leo tutaongea juu ya siku kuu ambayo si ya Wakristo wala ya Waislamu. Ni ya Wahindu, nayo inaitwa Diwali. Mtauliza: Diwali inatuhusu nini sisi watu wa Kisenge? Ngojeni kidogo.

Wahindi mnawajua, wanafanya biashara Lubumbashi na Kolwezi. Kila mwaka, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, usiku ule mwezi usipoonekana, wale walio Wahindu hufagia nyumba, hupika vitu vitamu na kutembeleana. Kisha huwasha vitaa vidogo vya udongo, vyenye mafuta na utambi wa pamba, wakavipanga mlangoni na dirishani. Jina lenyewe maana yake ni safu ya taa.

Wanamwashia nani? Masimulizi ni mengi, lakini lile linalojulikana sana ni la mtu aliyefukuzwa kwao. Rama alikuwa mtoto wa mfalme wa Ayodhya, naye ndiye angerithi kiti. Mama yake wa kambo akadai mwanawe Bharata atawale, na Rama aende porini miaka 14. Rama akaenda pamoja na mke wake Sita na mdogo wake Lakshmana.

Sikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi machefu. Bharata hakuwapo siku ile. Aliporudi alimkasirikia mama yake, akamfuata kaka yake porini, akamwomba arudi. Rama akakataa mpaka miaka ile iishe. Basi Bharata akamwomba viatu vyake, akaviweka juu ya kiti cha ufalme. Yeye mwenyewe akakaa nje ya mji, akaongoza nchi kwa jina la mwenye kiti. Miaka ilipotimia Rama akarudi, watu wakawasha taa, na Bharata akamrudishia vyake vyote.

Watu wengi husifu zile taa. Mimi nasifu vile viatu. Kuwasha taa ni kazi ya usiku mmoja. Kulinda mali ya ndugu miaka 14 ni kazi nyingine.

Tuangalie jirani zetu wa Uganda. Mwezi wa nane mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia watoke katika siku 90. Mwisho ulikuwa tarehe 8 ya mwezi wa kumi na moja, na Diwali ya mwaka ule iliangukia siku chache tu kabla yake. Wahindu waliokuwa bado hawajaondoka waliipokea huku mizigo imefungwa. Maduka na nyumba zao vikagawiwa wengine. Sheria ya kuvirudisha ilitungwa mwaka 1982, lakini wengi walipata nyumba zao katika miaka ya 1990, karibu miaka 20 baadaye. Wengine walikuwa wamekwisha kufa ugenini. Leo Diwali inafanywa tena Kampala, na watu wasio Wahindu hualikwa.

Na kwetu? Vita vya Angola, vilivyoisha mwaka 2002, vilifunga njia ya treni iliyopeleka manganizi yetu Lobito, vikaleta wakimbizi wengi upande huu wa mpaka. Mwaka 1992 na 1993 ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stesheni na watoto wao wakingoja treni. Wengi walizaliwa hapa hapa Katanga. Lupango zao zilibaki, na mtu akaingia ndani. Pengine aliyeingia naye alikuwa mwenye shida. Simhukumu bila kumsikia.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Chefu, chukua daftari. Andika lupango fulani ilikuwa ya nani, anayekaa humo leo ni nani, aliingia mwaka gani, na kwa ruhusa ya nani. Ita wazee wawili watatu wanaokumbuka mipaka, nao waweke alama ya kidole. Nanyi jamaa mliohamishwa, mpelekeeni karatasi mlizo nazo, hata zilizochanika. Msiwe na haya kwa sababu hazikukamilika.

Wiki ijayo tutaongea juu ya visima.