Nilimwandika namba 41: safari yetu kutoka Butembo mpaka Mutwanga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wamemba kwenye mkutano mkuu, Butembo)

Kamati iliniomba niseme juu ya kazi ya kutembelea familia zilizorudi. Nitaanza na kisa kimoja, na ndani ya kisa hicho kuna kosa langu. Mnivumilie.

Sisi tulimaliza sekondari kule Beni mwaka wa 2007. Egzeta ikaisha, kila mtu akashika njia yake: mwengine chuo kikuu, mwengine biashara, mwengine shamba la baba yake. Tulikuwa tunaonana kwenye harusi na kwenye kilio. Kisha, tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yakaanza katika teritware ya Beni, na watu wakakimbia, vijiji kwa vijiji. Ebola nayo ikaingia, kutoka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Ilichukua watu zaidi ya 2,200. Munakumbuka: hata kupeana mkono ilikuwa imekatazwa. Rafiki anafiwa, weye unabaki nyumbani. Ndivyo tulivyopotezana.

Mwaka wa 2023, wakati wa likizo, watano kati yetu tukapanga kuzunguka vijijini, tuone nani alirudi na nani hakurudi. Mmoja ni mwalimu, mmoja muuguzi, mmoja mama anayeuza viazi hapa Butembo, mmoja ni mwenye gari, wa tano ni mimi. Hatukwenda kwa kazi. Hakukuwa jile, hakukuwa karatasi ya kutia saini.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita karibu 54. Mnajua baridi yetu ya asubuhi: tulitoka na makoti. Kupita Maboya, barabara inaendelea kushuka, joto linaanza, mama wa viazi akatucheka: « Vueni makoti, mwafika kwetu. » Njia nzima tulikuwa tunaita majina kama mwalimu anavyoita asubuhi. Huyu yuko Goma. Huyu yuko kambi ya Kyangwali, Uganda. Huyu alikufa. Tukifika kwenye jina la aliyekufa, gari lote linanyamaza, kisha mtu anasema jina linalofuata.

Kule Beni tuliulizia njia mara tatu kabla ya kuendelea. Walipotuambia kuko salama, tukashika barabara ya Kasindi, tukakata kuelekea Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Shuleni tuliukariri ule mlima, metre 5,109, lakini wengi wetu hatukuwa tumefika kwenye mguu wake. Siku ile mawingu yalifunguka kidogo, tukaona theluji. Tulipiga kelele kama watoto.

Huko Mutwanga kuna mwenzetu ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Tulikaa benchi moja, mimi na yeye. Bila yeye, mimi singefaulu egzeta, ninasema ukweli. Alikimbia na familia yake mwaka wa 2021, wakakaa Beni kwa familia ya kupokea, kisha wakarudi. Tulimkuta analima shamba la mtu mwengine kwa malipo ya siku. Alitupa jembe chini, akasimama, hakusema kitu. Mama wa viazi ndiye alimkimbilia: « Weye sha, uko muzima! »

Mke wake alitupikia bugali na sombe. Sisi tulileta viazi na samaki ya Kyavinyonge. Tukala, tukacheka, tukakumbuka prefe na fimbo yake. Halafu nikamwambia: « Ndugu yangu, miaka hii yote hatukuonana. » Akaniangalia sana. Akajibu: « Tulionana. Beni, 2021. Ulikuwa na jile na kalamu. Nilipanga mstari pamoja na wengine. Ulinipa namba 41. »

Nilibaki bila sauti. Nikamuuliza kwa nini hakusema. « Ningesema nini? Nilikuwa na haya. Na weye haukuinua macho. »

Wapendwa, mimi nimefanya kazi hii ya teren miaka mingi. Ninajua kujaza lisiti: kichwa cha familia, watu saba, mablanketi mawili, sufuria moja. Siku ile niliandika mia na zaidi, na nilijisifu kwa sababu tulimaliza kabla ya mvua. Vitu vilimfikia, ni kweli. Lakini mtu aliyenifundisha hesabu alisimama mbele yangu, nami nikamhesabu.

Kesho yake alituonyesha shamba lake la kakao. Msitu ulikuwa umelirudia. Matunda meusi, yameoza juu ya miti. Na yale mazuri, wengine walikuwa wameyavuna yeye akiwa kwenye ukimbizi. Alikuwa anataka kuliacha. Nyinyi wakulima mnajua: kakao ukiipanda leo, utangoja miaka mitatu, mine, kabla ya kuvuna. Mti wa zamani ukisafishwa na kukatwa matawi, unaweza kukurudishia mapema zaidi. Tukakamata mapanga, sisi sita, siku mbili. Mwalimu alipata malengelenge, tukamcheka. Hatukumaliza hata nusu. Lakini siku ya tatu, tulipokuwa tunaaga, majirani wawili walikuja na mapanga yao, bila kuitwa.

Wazee wetu waliita hiyo likirimba: leo kwako, kesho kwangu. Kurudi si siku ile unashuka kwenye gari na godoro lako. Mtu amerudi wakati kuna mwenye kumwita kwa jina lake na kushika panga pamoja naye.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu.

La kwanza: tukiandikisha waliorudi, aweko mtu wa kijiji kile au aliyesoma nao, kando ya yule mwenye kalamu. Na mwenye kalamu ainue macho.

La pili: kila kikundi kitoe siku mbili kwa mwezi kusafisha shamba la familia moja iliyorudi. Wafadhili, hapo ndipo mapanga, majembe na mbegu za maharagi vinahitajika, maana mtu lazima ale akingoja kakao.

La tatu: masomo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari bado ni minervali. Binti wa mwenzetu amekaa nyumbani kwa sababu hiyo. Sisi watano tumeanza kumchangia; wako wengine wengi kama yeye.

Mwenzetu yule sasa ni memba wa shirika letu. Kamati ilipomuandika, ilimpa namba, kwa sababu daftari linataka namba. Nilimuuliza kama haimuudhi. Akacheka: « Safari hii walisema jina langu kwanza. »