Waridi la Harufu Lisitoweke Katika Nyua Zetu

(Mazungumzo ya mtaalamu wa bustani mbele ya wakazi wa Kata ya Laela)

Mmezoea kunisikia nikisema juu ya mahindi, maharage na mbolea. Leo nitasema juu ya ua, na naomba mnivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe lina haraka kuliko linavyoonekana.

Tangu barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipopita hapa, na tangu makao makuu ya Halmashauri yetu yalipohamia Laela, watu wanajenga. Ni jambo la kheri. Lakini kiwanja kinaposafishwa, kitu cha kwanza kung'olewa ni kile kichaka cha miiba kilichosimama karibu na ukuta wa nyumba ya bibi. Fundi hakijui, mwenye nyumba kijana hakijui. Kikiwa hakijachanua, ni miti mikavu inayochana nguo. Nyumba ikiisha, mwenyewe hununua mjini mwaridi ndani ya kopo, wenye ua kubwa jekundu. Wageni huinama kulinusa, wakainuka bila kusema neno.

Hawakukosea pua zao. Mawaridi yanayouzwa madukani, na yale yanayolimwa kwa wingi Naivasha nchini Kenya na Arusha kwetu, yaliteuliwa kwa sababu za biashara: shina refu lililonyooka, rangi isiyofifia, ua linalovumilia safari ya ndege na kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Wazalishaji walitazama hayo, harufu wakaiacha njiani. Waridi la kale halikuteuliwa hivyo. Ua lake lina petali nyingi zilizobanana, hudumu siku chache, na shingo yake huinama. Wataalamu wa mawaridi huweka mpaka mwaka 1867, lilipotokea Ufaransa waridi liitwalo La France. Jamii zilizokuwako kabla ya hapo huitwa mawaridi ya kale. Nyuma ya wengi wetu hakuna hati ya kutuambia jamii ya kichaka chetu. Tuna pua, nayo yatosha.

Wenzetu wa Pwani walilijua hili zamani. Unguja, petali za waridi hutiwa pamoja na asumini na rihani katika kikuba, na mgeni wa arusi hunyunyiziwa marashi kwa mrashi. Huko Oman, juu ya Jebel Akhdar, wakulima huchuma waridi alfajiri, kisha hupika petali katika mitungi ili mvuke uwe marashi. Huchuma alfajiri kwa kuwa mafuta yenye harufu huruka hewani jua linapopanda. Mwenye kutaka kutia petali katika mafuta ya nywele naye achume asubuhi mapema, ua likiwa limefunguka nusu. Ila asichume kutoka kwenye mmea uliopuliziwa viuatilifu.

Hata hivyo, nisingemshauri mtu wa Ufipa aagize waridi la Jebel Akhdar. Jamii ile huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena baada ya baridi kali ya mlimani. Zinazotufaa ni zile zenye damu ya mawaridi ya Uchina, zinazochanua tena na tena katika nchi zisizo na theluji. Kichaka kilichoishi miaka mingi uani kwa bibi bila dawa wala mbolea ya dukani kimekwisha kufaulu mtihani. Hakuna haja ya kukitafutia mbadala.

Sasa nifike kwenye kiini. Mbegu ya waridi haizai mama yake. Ukiipanda utapata ua jingine. Jamii hizi huendelea kwa njia ya kijiti kinachokatwa kwenye mti wa jirani na kupandwa kwako. Basi kichaka kikiwa cha mwisho wa aina yake hapa kijijini, siku kinapong'olewa hakuna duka la kukirudisha.

Njia ni rahisi. Mvua zinapokwisha kutulia, Desemba au Januari, chagua tawi lililokwisha kutoa maua, nene kama penseli, lisilo changa wala gumu kupita kiasi. Kata vipande vya urefu wa shubiri moja, chini kidogo ya jicho. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Chomeka theluthi mbili ya kijiti ardhini, mahali penye kivuli cha asubuhi au cha mchana, katika udongo uliochanganywa na mchanga, na usikitikise. Wengi huua vijiti kwa kuving'oa kila wiki watazame kama vimeota mizizi! Panda kumi ukitaka vitatu. Kama tawi ni refu na linalegea, kuna njia ya uhakika zaidi: lilaze chini likiwa bado limeshikana na mama yake, likwaruze kidogo upande wa chini, lifunike udongo, weka jiwe juu. Msimu unaofuata utalikata likiwa na mizizi yake.

Mwaridi ulioota kwa njia hii una faida ambayo mche wa kubebesha hauna, na katika nchi yenye mbuzi wengi kama yetu faida hiyo ni kubwa. Mwaridi wa dukani kwa kawaida umebebeshwa juu ya shina la waridi pori. Mbuzi akiutafuna hadi chini ya kiungo, au ukikauka juu, kinachochipua ni lile pori. Mwaridi wa kijiti ukiliwa mpaka ardhini, unaochipua ni ule ule. Hata hivyo zungushia miiba miaka miwili ya mwanzo.

Kuhusu udongo, sitawafundisha Wafipa. Anayejua kutengeneza ntumba, akafunika majani mabichi kwa udongo ili yaoze ndani ya tuta, anajua tayari mwaridi unataka nini. Chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, weka majani na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Juu tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina, maana mchwa watapanda. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua haipo. Mmea mchanga upate ndoo moja kwa wiki, imwagwe taratibu shinani, si juu ya majani. Maji yaliyosuuzia vyombo bila sabuni nyingi yanafaa, hivyo hakuna sababu ya kunyang'anyana na mtu aliyepanga foleni bombani.

Wakati wa mvua huja madoa meusi, majani yakageuka manjano na kudondoka. Okota majani hayo uyachome, na uache nafasi ya upepo kati ya matawi. Baridi ya Juni na Julai huleta ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga wa mahindi. Vidukari vinavyokusanyika kwenye vichipukizi huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo. Mwaridi wa kale hupona magonjwa haya mara nyingi bila msaada.

Kwenye kupogoa ndiko mikono yetu inakokuwa mizito. Kama mti wako huchanua mara moja kwa mwaka, maua hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiyakata kabla ya msimu umekata maua. Subiri yachanue kwanza. Unaochanua mara kwa mara hupunguzwa theluthi moja mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua. Ondoa yaliyokufa na yanayosuguana, basi.

Ombi langu kwenu wa kata hii ni dogo. Anayetarajia kubomoa nyumba ya zamani amwite jirani kabla ya jembe kuingia, vijiti vikatwe. Kama ni kiangazi na vijiti havitaota, kata matawi yabaki ya urefu wa goti, chimbeni shina pamoja na bonge la udongo, mlihamishie kivulini na kumwagilia mpaka mvua zije. Na kwenye kibao cha mti andikeni rangi ya ua na uani kwa nani lilikotoka, kwa kuwa jina jingine halina.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Nipo tayari kwa maswali, na wenye kutaka kuonyeshwa ukataji wa vijiti wanifuate nje.