Neno la Mhazini: Sufuria Kwanza

 

Mwaka 2016 elimu ilifanywa bila ada hadi kidato cha nne, tunashukuru. Lakini mimi ni mhasibu. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka, vitabu vikiwemo. Igawe kwa siku za masomo: haifiki bei ya andazi moja. Chakula cha mchana ni juu yetu.

Mwaka jana nilitetea sana mchango uende kwenye geti la shule. Geti limesimama, limepakwa rangi. Agosti nilipopanda nyumbani, saa nane mchana, nikakuta watoto wa darasa la saba wamelalia madawati kwa njaa. Wametoka mabondeni alfajiri na chai kavu, na Septemba wana mtihani wa taifa. Niliona aibu.

Leo naomba mahindi, maharage na sufuria mbili kubwa za makande. Asiye na gunia atoe fedha, asiye na fedha kijijini achangie kuni. Risiti zote nitazibandika kwenye ubao wa shule. Bahasha ziko kwa akina mama pale mlangoni.